Mawe Yenye Maneno ya Heshima: Jinsi Yanavyonakiliwa na Kutunzwa

Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walikutana Lokiriama, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, wakafanya mapatano ya amani, wakazika silaha ardhini kuwa ishara ya kwamba vita baina yao vimekwisha. Nguvu ya mapatano yale ilikuwa katika tendo lenyewe na katika macho ya watu walioshuhudia. Tangu hapo watu wamekuwa wakikutana tena mahali pale kuyakumbuka, na wazee wamekuwa wakiwasimulia vijana yaliyotendeka. Lakini kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku ile, leo amepita miaka 70. Yamkini wasomaji wetu wa Lodwar na Kakuma wamekwisha kujiuliza swali hili: jambo jema lililofanywa na watu litakumbukwaje, iwapo wale waliolitenda na wale waliolitazama wamefariki wote?

Swali hilo si geni duniani. Wayunani wa kale walilijibu kwa kuchonga maneno juu ya mawe, na mawe hayo yamekuwa kazi kubwa ya wataalamu wa siku hizi, ambao huyatafuta, huyanakili na kuyatunza. Katika makala haya twapenda kueleza kazi hiyo hufanywaje, na kwa nini yawahusu pia wakaaji wa Turkana.

Kila mji wa Wayunani ulikuwa na baraza lake na mkutano wa wananchi. Ikiwa mtu ameutendea mji jambo la kusifiwa, jina lake lililetwa mbele ya mkutano huo. Mmoja alileta nafaka wakati wa njaa akaiuza kwa bei ya chini; mwingine alikuwa tabibu aliyekataa kukimbia wakati wa maradhi; mwingine alitoa fedha zake ili ukuta wa mji utengenezwe. Tena ilikuwako desturi moja ambayo mtu wa Lokiriama ataielewa upesi kuliko watu wengi. Mji ulioshindwa kuamua magomvi yake wenyewe uliomba mji mwingine uupelekee waamuzi, watu wasio na udugu wala deni kwa upande wowote. Waamuzi hao walipokwisha kuwapatanisha wagomvi, mji uliowaita uliwashukuru kwa azimio lililochongwa juu ya jiwe, na mara nyingi nakala yake ilipelekwa ikasimamishwe katika mji walikotoka.

Azimio la namna hiyo lilikuwa na utaratibu wake, na atakayesoma machache aweza kubashiri yatakavyokuwa mengine. Kwanza hutajwa waliotoa azimio, yaani baraza na watu. Kisha hutajwa jina la mwenye kuheshimiwa, jina la baba yake na mji wake. Halafu hufuata matendo yake, na baada ya hayo heshima anazopewa: taji la majani au la dhahabu, kiti cha mbele katika michezo, kusamehewa kodi, au sanamu yake kusimamishwa sokoni. Mara nyingi mwishoni huwapo maneno ya kueleza sababu ya kuchonga jiwe, nayo ni kwamba watu wengine waone kuwa mji huu wajua kushukuru, wapate hamu ya kutenda mema kama hayo. Kwa hiyo jiwe halikuwekwa kwa ajili ya kumfurahisha mtu mmoja tu. Lilikuwa tangazo la watu wote, na ndiyo sababu liliwekwa mahali penye kupitwa na wengi.

Mawe hayo yalichongwa kwa maelfu mengi. Hata hivyo, mengi yamepotea. Watu wa zama za baadaye, ambao hawakujua kusoma maneno yale au hawakuyajali, waliyavunja wakajengea kuta, wakayafanya vizingiti vya milango, na yaliyokuwa ya marumaru wakayachoma kupata chokaa. Mengine yamelala kifudifudi barabarani, na nyayo zimefuta herufi zake moja baada ya nyingine.

Msomaji aweza kusema kwamba mambo haya ni ya ng'ambo. Si hivyo. Katika pwani ya Bahari ya Sham, kusini ya Massawa katika nchi ya Eritrea, palikuwa na bandari iliyoitwa Adulis. Hapo lilisimama jiwe jeusi lenye maandishi ya Kiyunani ya kumsifu Ptolemy wa Tatu, mfalme wa Misri aliyeanza kutawala mwaka 246 kabla ya Kristo. Jiwe lilitaja nchi alizorithi kwa baba yake, na vita alivyopigana Asia hata ng'ambo ya mto Frati. Lilitaja pia jambo la Afrika yetu: ndovu wa vita, waliowindwa katika nchi za pwani ile na Uhabeshi, wakapelekwa Misri kufundishwa kupigana. Mbele ya jiwe palikuwa na kiti cha enzi cha jiwe jeupe, nacho kilikuwa kimeandikwa maneno ya Kiyunani.

Baada ya miaka 700 na zaidi, katika siku za Kaizari Justin aliyetawala tangu 518 hata 527, mfalme Kaleb wa Aksum alikuwa akijitayarisha kwenda vitani Arabuni. Akamwagiza liwali wa Adulis ampelekee nakala ya maandishi yale. Liwali aliwatafuta watu wajuao Kiyunani, akawapata wafanya biashara wawili, mmoja akiitwa Menas na mwingine Cosmas, mtu wa Iskanderia. Wawili hao walinakili maneno yote, wakampa liwali nakala moja, na Cosmas akajiwekea nyingine. Miaka kama 25 baadaye alikitia kile alichonakili katika kitabu chake. Kitabu hicho kilinakiliwa tena kwa mikono, na nakala moja ya karne ya 9 ingali imehifadhiwa Vatikano.

Leo jiwe la Adulis halipo, wala kiti hakipo. Wachimbaji wamechimba katika magofu ya mji ule wasivione. Yote tunayoyajua juu ya maandishi yale yametoka katika mkono wa mfanya biashara mmoja aliyejaliwa kuombwa kazi ambayo haikuwa yake, akaifanya kwa uangalifu. Aliandika jinsi kiti kilivyokuwa na rangi ya jiwe, akasema kwamba jiwe jeusi lilikuwa limevunjika sehemu ya chini, hata maneno machache hayakuweza kusomwa. Laiti angalinyamaza juu ya sehemu hiyo, wataalamu wangalidhani kwamba maandishi yalikwisha pale.

Lakini Cosmas alikosea jambo moja, na kosa lake lafundisha kama vile uangalifu wake. Aliona jiwe na kiti vimesimama pamoja, vyote viwili vina Kiyunani, akafikiri kwamba maneno ya kiti ni mwendelezo wa maneno ya jiwe. Kwa muda wa karne nyingi watu waliamini hivyo, na Ptolemy akahesabiwa kuwa alishinda makabila ya milima ya Uhabeshi ambayo hakuyaona kamwe. Katika karne ya 19 wataalamu walitambua kwamba maandishi ni mawili. Yale ya jiwe yamzungumza Ptolemy kama mtu wa tatu. Yale ya kiti yasema “mimi”. Tena maandishi ya kiti yataja mwaka wa 27 wa utawala, na Ptolemy huyo hakutawala miaka 27. Aliyesema katika kiti ni mfalme wa Aksum, ambaye jina lake lilikuwa katika sehemu ya mwanzo iliyokosekana, na hata leo halijulikani. Waliweza kugundua hayo kwa sababu Cosmas, ijapokuwa alifikiri vibaya, hakuyageuza maneno ili yapatane na fikira zake. Sisi tulio wafasiri twajua jinsi kishawishi hicho kilivyo kikubwa. Mtu akutanapo na neno lisilolingana na maana aliyokwisha kuipanga kichwani, mkono wake huwasha kulisahihisha.

Huko Aksum kwenyewe kuna mawe ya mfalme Ezana, aliyetawala katika karne ya 4. Moja liligunduliwa na wakulima katika miaka ya 1980. Limeandikwa kwa Kiyunani, kwa herufi za Kisabea za Arabuni, na kwa Kigeez, na herufi za Kigeez ndizo mama wa herufi zitumikazo leo kwa Kiamhara na Kitigrinya. Wako watu Kakuma waliotoka Uhabeshi ambao wangeweza kuzitambua baadhi yake bila kufundishwa. Jiwe lina onyo kali kwa mtu atakayeliondoa mahali pake. Basi halikuondolewa, limejengewa kibanda kidogo pale pale lilipoonekana, na wageni huenda kulitazama. Wengine hucheka kwamba serikali imeogopa laana. Kwa maoni yetu, laana ile imefanya kazi ambayo sheria nyingi zimeshindwa kuifanya, kwani jiwe lililobaki mahali pake laeleza mengi kuliko lililochukuliwa. Laonyesha lilitazama upande gani, njia ipi ilipita mbele yake, na nani waliokusudiwa kulisoma.

Sasa natueleze jinsi mtaalamu anavyofanya kazi yake. Kwanza haligusi jiwe. Hulipiga picha kama alivyolikuta, huandika mahali lilipo, hulipima urefu, upana na unene, na urefu wa herufi pia, kwa kuwa namna ya herufi husaidia kukisia umri wa maandishi. Kisha huliangalia kwa nuru ya pembeni. Jambo hili kila mtu aweza kulijaribu. Adhuhuri, jua likiwa juu ya kichwa, jiwe lililochakaa huonekana tupu. Saa kumi na mbili ya asubuhi au jioni, nuru ikipita ubavuni, michongo hafifu hujaa vivuli na maneno hutokea. Usiku mtaalamu hutumia taa aliyoishika chini, karibu na uso wa jiwe.

Njia ya zamani iliyo bora ni ya karatasi. Jiwe husafishwa kwa maji matupu na brashi laini, halafu huwekwa juu yake karatasi nene isiyo na gundi, iliyoloweshwa maji. Karatasi hiyo hupigwapigwa kwa brashi yenye nywele ngumu mpaka iingie katika kila mchongo. Ikikauka hubanduliwa, nayo hutoka na umbo lote la maandishi, herufi zikiwa zimegeuka upande kama zionekanavyo katika kioo. Karatasi ni nyepesi, yaweza kukunjwa katika bomba na kusafirishwa, na mtaalamu aweza kuisoma mezani pake maelfu ya maili mbali na jiwe. Katika vyuo vya Ulaya ziko karatasi za namna hii zilizofanywa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kwa mawe mengine yaliyokwisha kuvunjika au kuibwa, hizo ndizo zilizobaki. Hata hivyo, njia hii haifai kwa jiwe linalomomonyoka, maana karatasi ikibanduliwa yaweza kuondoka na vipande vya jiwe lenyewe.

Kwa sababu hiyo siku hizi hutumika zaidi picha. Kamera hufungwa pasipo kusogea, na picha nyingi hupigwa huku taa ikihamishwa kila mara. Kompyuta huziunganisha, na msomaji aweza kuigeuza nuru apendavyo kana kwamba anazunguka na taa mkononi. Au kamera ndiyo huhamishwa, picha hupigwa kila upande, na kompyuta huunda umbo kamili la jiwe. Katika njia hizi jiwe halipati dhara lolote.

Kusoma na kuchapisha kuna adabu yake pia. Mwaka 1931 wataalamu waliokutana Leiden, katika Uholanzi, walipatana juu ya alama za kutumia. Herufi isiyosomeka vizuri hutiwa nukta chini yake. Maneno yaliyopotea, ambayo mtaalamu amekisia, hutiwa ndani ya mabano ya mraba. Hivyo msomaji huona mara moja lipi ni la jiwe na lipi ni la mtaalamu, akakubali au kukataa. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililokosekana Adulis.

Kuhusu utunzaji, kanuni ya kwanza ni kutofanya haraka. Mawe mengi yamepona jua na mvua muda wa miaka 2,000, kisha yakaharibiwa kwa asubuhi moja na mtu mwenye nia njema. Brashi ya waya hukwaruza. Siki, ndimu na asidi yoyote hula marumaru na mawe ya chokaa. Kutia chaki au rangi ndani ya herufi ili zionekane katika picha ni kosa lililozoeleka sana. Rangi huingia katika vinyweleo vya jiwe, tena aliyeitia hufuata herufi alizodhani kuziona, na baada yake hakuna awezaye kujua zilizokuwapo. Saruji nayo, ambayo wengi huiona kuwa dawa ya kila ufa, mara nyingi huwa ngumu kuliko jiwe na huwa na chumvi. Maji huichukua chumvi ile mpaka ndani ya jiwe. Yakikauka, chumvi hufanya punje, na punje zikikua huusukuma uso wa jiwe mpaka ubanduke kama maganda. Pengine tiba iliyo njema ni kulifukia jiwe tena baada ya kulinakili, au kulijengea paa, au kuligeuzia maji ya mvua njia nyingine.

Kenya yetu inalo jiwe la sifa linalosomeka hata leo. Juu ya lango la Ngome ya Yesu, Mombasa, kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1639 yamsifuyo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyewekwa kuwa mkuu wa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Yaeleza jinsi alivyoitengeneza ngome, alivyoziadhibu Pate na Siyu, na alivyowaua wakubwa wa Pemba, na heshima alizopewa na mfalme wake kwa kazi hizo. Watu wa Pate na Pemba hawakuulizwa maneno gani yachongwe. Jiwe la heshima husema upande wa aliyelisimamisha, na anayelitunza hana budi kulitunza hivyo hivyo, pamoja na majivuno yake, kwa kuwa likifutwa tutapoteza pia ungamo la yaliyotendwa.

Turkana haina mawe ya Kiyunani. Lakini inayo mawe yaliyosimamishwa na kuchongwa ili watu wakumbukwe, na mengine yana umri mkubwa kuliko yote tuliyoyataja. Kando ya barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol zimesimama nguzo za jiwe jeusi ziitwazo Namoratunga, na wapitao huweka vijiwe juu yake. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Lynch na Robbins, walitangaza kwamba nguzo zile zilipangwa kufuata nyota fulani. Mwaka 1982 mtaalamu mwingine, Soper, alipima tena akaonyesha kwamba mawe yenyewe yana nguvu kidogo ya sumaku, nayo yaweza kuipotosha dira. Basi vipimo vyote vilihitaji kuangaliwa upya. Dira iliwadanganya wasomi kama vile kiti kilivyomdanganya Cosmas. Mahali pengine penye nguzo, Lothagam Kaskazini, wataalamu walieleza mwaka 2018 kwamba pale walizikwa watu wasiopungua 580, muda wa miaka kama 5,000 iliyopita, wakubwa kwa wadogo pamoja.

Karibu na Lokori, katika bonde la mto Kerio, kuna makaburi ya kale na miamba yenye michongo. Lynch na Robbins waliona kwamba michongo mingi yafanana na alama ambazo wafugaji huwachoma nazo mifugo wao, wakadhani kwamba marehemu alipewa alama ya ng'ombe wake. Wengine baadaye wamehoji kama makaburi na michongo ni kazi ya watu wale wale. Neno la mwisho halijasemwa, na huenda likasemwa na mzee wa Kiturkana azijuaye chapa za koo, maadamu michongo ingalipo. Jiwe likichukuliwa kujengea boma au kuwekwa chini ya tangi la maji, au kijana akiandika jina lake juu ya mchongo, hakuna karatasi wala kamera itakayourudisha.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya Makumbusho na Urithi wa Taifa yakataza kuondoa au kuharibu vitu vya kale pasipo ruhusa. Mtu akiona jiwe lenye michongo, asilioshe, asilipake kitu, wala asiligeuze. Na ampashe habari chifu wake au afisa wa Makumbusho ya Taifa. Tena huko Turkwel, karibu na Lodwar, iko Taasisi ya Bonde la Turkana, ambayo wataalamu wake hushughulika na mambo ya kale ya nchi hii. Mwenye simu yenye kamera na apige picha asubuhi mapema, nuru ikiwa ya pembeni, akiweka kando ya jiwe kitu kinachojulikana urefu wake, kama vile kalamu au kiberiti, bila kukigusisha mchongo. Aandike siku, mahali, mwinuko au mto ulio karibu, na jina la mahali kama wenyeji walitamkavyo.

Na kwa Lokiriama, kazi ya kunakili yapasa kuanza kwa watu kabla ya mawe. Walioshuhudia mwaka 1973 wangalipo Turkana na Karamoja pia. Inafaa kila mmoja aulizwe peke yake kwa lugha yake, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema: nani walikuwapo, kitu gani kilizikwa, mahali gani hasa, nani alisema nini. Wawili wakitofautiana, yaandikwe yote mawili. Neno lisilosikika vizuri litiwe alama, na pengo liachwe wazi.